Stika ya Kijani

Usiku wa jana, nikiwa nimelala na ripoti kifuani, niliota natetea kazi yangu ya fildi, yale mafunzo ya vitendo hospitalini, mbele ya jopo la mashine. Kilichonikera hakikuwa mashine. Kilichonikera ni kwamba zilinikaribisha kwa kuniita fundi.

Niseme kwanza mimi ni nani. Naitwa Tulinagwe, niko mwaka wa tatu chuo kikuu, nasoma uhandisi wa vifaa tiba. Watu wakikuuliza unasoma nini ukawajibu hivyo, wanasema, "Aaa, kumbe daktari." Ukiwaambia si daktari, wanasema, "Aaa, kumbe fundi." Hapo katikati ya daktari na fundi pana kiti, na mimi nimetumia miaka mitatu na hesabu nyingi sana kukitafuta hicho kiti. Mimi ni injinia. Bado mwaka mmoja, lakini ni injinia.

Basi naingia ukumbini. Ni ukumbi uleule wa idara, wenye feni moja inayozunguka na tatu zinazoitazama. Kwenye meza ya jopo ameketi Otoklevu, lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia vifaa vya upasuaji. Ndiye mwenyekiti. Anatoa mvuke taratibu ubavuni, na mbele yake pana kibao: USIFUNGUE KABLA HAJAPOA. Kulia kwake yupo Mizani, ile ya kupimia watoto wachanga. Kushoto ni kiti cha msimamizi wangu, Dkt. Kalokola. Hayupo. Koti lake limeketi, na mfukoni mna karatasi isemayo yuko kikaoni.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nasema.

"Marahaba. Karibu, fundi."

"Injinia."

Pembeni, mashine ya kupimia moyo inachapa kila ninachosema kwenye karatasi ndefu ya vijimilima. Neno "injinia" linatoka na kilima kirefu kuliko vyote. Otoklevu anakitazama kwa muda.

"Fomu za ukaguzi ishirini na sita," anasema. "Mchana mmoja wa Ijumaa, siku ya mwisho ya fildi. Wewe na mwenzako Mwanaidi. Mlifanyaje?"

"Kitaalamu."

"Weka jibu kwenye mizani."

Naiinamia sahani ya Mizani na kurudia neno hilo. Sindano inatikisika kidogo.

"Gramu nne," anasema Mizani. "Na hapo limekuja na nguo zake."

Nilitaka kumwambia kwamba chombo cha watoto wachanga hakifai kupimia majibu ya watu wazima, kwamba huo ni mwanzo wa makosa ya vipimo tuliyofundishwa muhula wa pili. Lakini alama zangu zilikuwa mikononi mwake, ingawa mikono hakuwa nayo.

"Aletwe shahidi," anasema Otoklevu.

Mlango unafunguka, inaingia sufuria. Ni sufuria ya alumini ya kawaida, namba tano, imeungua chini, ina maharage nusu. Inajikokota mpaka mbele na kuvuta pumzi ndefu. Kalamu yangu inaruka kutoka mkononi na kuzama ndani ya maharage.

"Samahani," inasema sufuria. "Siwezi kujizuia. Mimi nilikuwa saksheni namba kumi na nne. Nilikuwa nanyonya makohozi ya wagonjwa chumba cha upasuaji. Nikafa mwaka ambao huyu binti alikuwa darasa la pili. Wakanitoa kama chuma chakavu, nikayeyushwa, nikawa sufuria. Sikulalamika. Napikia kwa mama mmoja mjane, tunaelewana vizuri. Halafu Ijumaa, saa nane na robo mchana, nikasikia mvuto."

"Mvuto gani?"

"Wa kunyonya, Mwenyekiti. Nimenyonya mwiko. Nimenyonya shanga za mjukuu. Jana mjumbe wa nyumba kumi alikuja kusalimia, nikamnyonya kofia."

Otoklevu anafungua fomu. "Saksheni namba kumi na nne. Ipo: ndiyo. Nguvu ya kunyonya: nzuri sana. Sahihi: Tulinagwe." Ananigeukia, na mvuke unanipiga usoni. "Fomu ya robo mwaka iliyopita ilisema 'nzuri'. Hili 'sana' limetoka wapi?"

"Niliongeza mimi."

"Kwa nini?"

"Isionekane nimenakili."

Mizani anatikisa sindano peke yake, bila kuombwa. "Hilo ni jibu," anasema. "Kilo mbili na robo. Lina afya."

Naona aibu, nasema ukweli. Naona aibu mbele ya sufuria. Na nilikuwa na sababu, nikaanza kuzitaja moja moja: kwamba msimamizi wa karakana alitaka fomu zote kabla ya saa kumi, kwamba wanafunzi waliotutangulia walinakili za waliowatangulia wao, na kwamba kama kuna mtu aliyewahi kuiona saksheni namba kumi na nne kwa macho yake basi ameshastaafu. Mashine ya moyo ilichapa yote. Karatasi ikatoka nyoofu, bila hata kilima kimoja.

"Dkt. Kalokola huwafundisha nini?" anauliza Otoklevu.

Hilo nalijua. Hulisema kila Jumatatu kabla hajavua koti. "Kisichoandikwa hakijafanyika."

Koti kitini linaitikia kwa kichwa, ingawa halina kichwa.

"Vizuri. Na je, kilichoandikwa kimefanyika?"

Hapa ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuomba maji. Lakini nilikuwa nimeshaaibishwa na chombo cha jikoni, nikataka kujibu jambo moja kwa ujasiri mbele ya wasomi.

"Ndiyo, Mwenyekiti. Kilichoandikwa kimefanyika."

"Basi na iwe hivyo," anasema Otoklevu, na anagonga muhuri.

Ukumbi haupo tena. Niko wodi ya watoto ya hospitali ile ya mkoa tulikofanyia fildi, na kila kitu ni kama nilivyokiandika. Niliandika joto la chumba nyuzi ishirini na tano, basi ni nyuzi ishirini na tano, hata jua lililo dirishani limepunguza makali. Niliandika vumbi: hakuna. Hakuna. Sakafu inang'aa mpaka naona chini ya miguu yangu Tulinagwe mwingine amesimama kichwa chini, na yeye amevaa aproni nyeupe niliyoshona ili nionekane injinia.

Niliandika pia kelele: hakuna.

Watoto kumi na wawili wamefumbua vinywa wanalia, na hakuna sauti. Mmoja anapiga kikombe kwenye chuma cha kitanda. Namwona anakipiga. Sikisikii.

Sista Skolastika, muuguzi mkuu wa wodi, anakuja akinyoosha kofia yake. Wiki nane zote ndiye alinipokea kila asubuhi, na wiki nane zote aliniita fundi, akanipa chai, akaniita fundi tena.

"Karibu," anasema. "Leo kuna jua zuri. Tunashukuru kwa ushirikiano."

"Sista, hawa watoto wana nini?"

Anafungua mdomo kujibu, na mdomo unajifunga wenyewe. Anajaribu tena. Shingo inamtoka mishipa. "Tunashukuru kwa ushirikiano," anasema, na macho yake yananitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayeshukuru.

Hapo nakumbuka. Kwenye kila fomu, mstari wa mwisho kabisa: Malalamiko ya mtumiaji. Na mimi, mara ishirini na sita, kwa mwandiko wangu mzuri: hakuna.

Kitanda cha tatu yupo Mama Shukuru. Huyu si wa ndotoni tu, ni mtu kweli, na mwanawe Shukuru ni mtoto kweli wa mwaka na miezi minane, amelazwa na homa ya mapafu. Ijumaa ile nilipofika kitandani kwake na fomu yangu, aliniambia, "Dada fundi, hii mashine tangu jana naona mtoto hapati nafuu nayo. Kama imechoka vile." Nami nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka yote, "Kwanza mimi si fundi, mama. Na mashine ni nzima." Nikaandika oksijeni asilimia tisini na tatu, nikabandika stika, nikaenda kitanda cha nne.

Sasa, ndotoni, ananishika aproni.

"Mtoto wangu ha—" anasema, na mdomo unafungwa. Anavuta pumzi. "Mtoto wangu hapu—" Unafungwa. "Asanteni kwa huduma nzuri," anasema, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Kando ya kitanda imesimama mashine ya oksijeni. Ni ile inayokaa chini kama kabati dogo la magurudumu, inavuta hewa hii ya kawaida, inaichuja, inamtolea mgonjwa oksijeni kwa mpira mwembamba unaoingia puani. Ikiwa nzima, katika kila sehemu mia za inachotoa, tisini na ushee ni oksijeni. Hii yangu ina stika ya kijani iliyoandikwa IMEKAGULIWA, na stika imekaa usoni kwake upande mmoja, kama kitambaa cha mtu aliyetoka kwa daktari wa macho.

"Nani huyo?" inauliza mashine.

"Ni mimi, injinia Tulinagwe."

"Simjui. Lakini mkono naujua. Ulinukia sambusa. Ndio ulioniziba jicho."

"Stika hubandikwa sehemu ya mbele, tambarare, inayoonekana," nasema. "Mwongozo ndivyo unavyosema."

"Sehemu tambarare ndiyo jicho langu. Nina moja tu. Ni la njano. Nikiishiwa nguvu nalifumbua, watu wakaniona, wakamhamisha mtoto. Nimelifumbua tangu Alhamisi."

Nainama kuibandua. Haibanduki. Nachimba kwa kucha, kucha inakunjika. Chini ya neno IMEKAGULIWA pameandikwa kwa mkono wangu, UKAGUZI UJAO: BAADA YA MIEZI MITATU.

"Umeshaandika miezi mitatu," inasema mashine. "Huna budi kungoja. Mimi nangoja. Sijui kama mtoto ataweza."

Namtazama Shukuru. Mbavu zake zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na pua zinatanuka. Kwenye kioo kidogo juu yake inawaka 93, kubwa, ya kijani, nzuri sana. Nakuwa na hofu ambayo sikuwa nayo mbele ya jopo. Hii haikuwa ya alama.

"Nifanyeje?"

"Fomu hufutwa kwa fomu. Nipime kweli, uandike namba ya kweli. Stika itaanguka yenyewe."

Kipimo chenyewe najua kilipo. Ni kidude cha bluu cha ukubwa wa redio ndogo, kinakaa karakana kwenye kabati la juu. Unakichomeka kwenye mpira, kinakuambia oksijeni ni kiasi gani. Nikifungua mkono, kiko mkononi. Nakiwasha. Hakiwaki. Nakigeuza, nafungua kifuniko cha nyuma. Mahali pa betri ni patupu.

"Betri yangu iko kwenye hotuba," kinasema kidude. "Na wewe unajua ilifikaje huko."

Najua. Wiki ya pili ya fildi hospitali ilipokea msaada: mashine mpya ya kutunzia watoto njiti, yenye utepe mwekundu. Mgeni rasmi akaanza kusema, maikrofoni ikazima. Mshereheshaji akaja karakana mbio anatafuta betri ile ya mraba. Mimi ndiye niliyefungua kipima oksijeni, nikatoa betri, nikaipeleka mwenyewe mpaka jukwaani. Mgeni rasmi akaniambia mbele ya watu wote, "Asante sana, injinia." Katika wiki nane ni mtu huyo mmoja tu aliyeniita hivyo. Betri sikuidai tena. Ndiyo maana Ijumaa hatukuwa na cha kupimia, na ndiyo maana tulinakili.

"Hotuba ilishaisha," nasema.

"Ratiba ilisema mgeni rasmi atasema machache," kinajibu kidude. "Bado hajayamaliza."

Nafungua mlango wa stoo ya mashuka, naingia kwenye sherehe.

Turubai limejaa watu. Jukwaani limesimama suti la bluu, limepigwa pasi vizuri, halina mtu ndani. Sauti inatoka kwenye maikrofoni moja kwa moja. "Nisingependa kuwachosha," inasema. "Nina machache tu." Watu wanapiga makofi. Mbele yake ipo mashine ya watoto njiti, imefungwa utepe. Suti linakata utepe. Utepe unajiunga. Linakata tena.

Mashine ya watoto njiti inasema jambo kwa lugha ya kwao. Hakuna anayeielewa. Waya wake una kichwa cha meno mapana, nao unatambaa ukutani kama mtu anayepapasa swichi gizani, unajaribu tundu hili, unajaribu lile, hauingii popote. Kila unapokosa, watu wanasimama na kupiga makofi.

Napita katikati ya viti. "Samahani mheshimiwa, naomba betri."

"Injinia!" linasema suti. "Injinia wetu huyu hapa! Injinia, pita mbele!"

Na kiti kipo. Kipo katikati kabisa, kushoto kwake ameketi daktari, kulia kwake ameketi fundi, na mgongoni kimeandikwa INJINIA kwa herufi za dhahabu. Ndicho kile kile nilichokuwa nakitafuta. Kina mto. Pembeni kuna chupa ya maji yenye leso ya karatasi.

Nilikaa. Sitawadanganya, nilikaa. Nilikuwa nimechoka, na hakuna aliyewahi kuniwekea leso.

"Kama injinia wetu anavyojua," linaendelea suti, "nina machache tu."

Kutoka kwenye kiti kile naona mlango wa stoo umebaki wazi, na nje yake kitanda cha tatu. Naona mgongo wa Mama Shukuru. Naona kifua cha mtoto kinavyopanda na kushuka. Najikuta nahesabu. Nafika hamsini na tano, na dakika haijaisha. Najiambia nitasimama suti likimaliza sentensi. Suti halimalizi sentensi. Linaingia kwenye sentensi nyingine kupitia mlango wa nyuma.

Nasimama. Maandishi ya dhahabu yanafutika mgongoni mwa kiti, na mahali pake panakuja KIMEHIFADHIWA.

"Kumbe ni fundi tu," linasema suti, kwa upole wa kuumiza.

"Ndiyo, mheshimiwa. Fundi tu. Shikilia hapo."

Nageuza kitako cha maikrofoni, nakifungua. "Nina mache—" inasema sauti, na inakatika. Suti linaporomoka polepole, linajikunja lenyewe vizuri na kuingia kwenye mfuko wake wa nailoni. Makofi hayakomi. Nadhani hata sasa yanaendelea.

Betri iko kiganjani. Lakini imesema machache kwa wiki sita mfululizo; huenda imekufa. Nafanya kile ambacho kila mwanafunzi wa idara yetu hufanya mhadhiri akigeuka ubaoni. Natoa ulimi, nagusisha ncha zote mbili. Inaniuma vibaya sana, uchungu wa chuma na ndimu. Nzima! Sijawahi kufurahia kuumwa ulimi kiasi kile.

Nakimbia. Wodi imerefuka, vitanda vimekuwa mia, lakini namba ya tatu bado ni ya tatu. Narudisha betri, kidude kinawaka. Nachomeka mpira.

"Nani huyo?" inauliza mashine.

"Fundi."

"Ingia."

Namba inapanda. Ishirini na moja. Thelathini. Arobaini na nne. Naingoja tisini na tatu kama mtu anayemngoja ndugu stendi, kila basi linaloingia anadhani ndilo. Hamsini. Hamsini na nane. Inasimama hapo.

"Ongeza," naiambia.

"Hakuna nyingine," inasema mashine. "Andika."

Natoa kalamu. Imejaa mchuzi wa maharage, lakini inaandika. Naiweka kwenye fomu, na mkono wangu, mkono huu huu, unaandika tisa. Nafuta. Unaandika tisa tena, haraka, kwa mwandiko mzuri, kama ng'ombe anayerudi zizini bila kuongozwa. Naushika kwa mkono wa kushoto. Nausukuma. Mama Shukuru anaweka mkono wake juu ya mikono yangu yote miwili, na sasa tunasukuma watu wawili, na ncha ya kalamu inaanza, polepole, kuchora tumbo la tano.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Ripoti ilikuwa sakafuni, imefunguka ukurasa wa majedwali, na majedwali yalikuwa yamejaa tisini na tatu. Mwanaidi alikuwa anapiga pasi blauzi juu ya meza. Saa tatu tulitakiwa ukumbini kuitetea hiyo ripoti, mbele ya Dkt. Kalokola na watu, si mapipa.

"Ulikuwa unaongea usingizini," akasema. "Ulikuwa unamwambia mtu kwamba wewe ni fundi."

Nikacheka, na kicheko kikanikatikia mdomoni, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa unauma. Ncha yake ilikuwa inachonyota, na mdomo mzima ulikuwa na ladha ya chuma na ndimu. Nikanywa maji. Ikabaki.

"Mwanaidi," nikasema, "ile mashine ya oksijeni ya kitanda cha tatu, tuliibandika wapi stika?"

"Pale mbele, penye kioo kidogo. Kwingine kote kulikuwa na vumbi, haishiki."

Nikachukua simu, nikampigia Sista Skolastika. Iliita sana. Mwanaidi alikuwa ananitazama huku pasi imesimama mkononi.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Tulinagwe, Sista. Shikamoo."

"Marahaba. Tulinagwe yupi?"

Nikameza mate. Yakapita na ladha yake. "Fundi, Sista."

"Ahaa, fundi! Si ungesema. Hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Shukuru wa kitanda cha tatu anaendeleaje?"

Akashusha pumzi. "Mtoto huyu anatutesa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinachezacheza tu chini. Daktari ameshabadilisha dawa mara mbili. Mashine si ni nzima, mliikagua wenyewe, basi tunajua ni kifua chake tu kigumu."

Siku tatu walikuwa wanakilaumu kifua cha mtoto kwa sababu ya mwandiko wangu.

"Sista, uko karibu na mashine? Naomba uibandue ile stika ya kijani."

"Niibandue? Hairuhusiwi, fundi, mpaka miezi mi—"

"Nakuomba, Sista."

Nilisikia viatu vyake. Nikasikia ukucha unakwangua, ukasita, ukakwangua tena.

"Fundi."

"Naam."

"Kuna taa hapa chini. Ya njano. Inawaka."

"Mhamishie kwenye mtungi wa oksijeni, Sista. Sasa hivi. Na ile namba kwenye fomu ni ya uongo. Hatukupima. Niliandika mimi."

Simu aliiweka mahali bila kuikata, nikasikia anaita mtu, nikasikia mtungi unaburutwa, magurudumu yakigonga mlango. Mwanaidi alikuwa ameketi kitandani, mkono mdomoni, na blauzi yake inaungua juu ya meza. Nikachomoa pasi, nikarudi kwenye simu. Dakika zilipita, sijui ngapi. Halafu nikamsikia mtoto analia. Kilio chenyewe kilikuwa cha hasira, kirefu, chenye pumzi. Na juu ya kilio hicho sauti ya Mama Shukuru, kwa wodi nzima, haifungwi na chochote:

"Si nilisema! Ijumaa nilisema mimi hii mashine imechoka! Yule dada akanijibu yeye si fundi!"

"Unasikia, fundi?" akauliza Sista, akiwa amerudi kwenye simu.

"Nasikia. Nakuja na betri ya kipimo. Mwache aseme."

Alisema yote. Nikaokota ripoti sakafuni, nikatafuta ukurasa wa kitanda cha tatu, nikaweka simu sikioni kwa bega, na penye mstari wa mwisho, ule wa malalamiko, nikalikata neno "hakuna" nikaanza kuandika.

Mstari haukutosha. Nikageuza ukurasa.